Kwenye Mchoro Ipo

Matokeo yalibandikwa saa nne asubuhi kwenye ubao wa matangazo, na Fundi Taa akaanza kuyasoma kutoka juu. Wanafunzi wenzake, vijana wa rika la mwanawe, walianzia katikati au chini, kila mtu kwa kadiri alivyojijua. Yeye alianzia juu kwa sababu hakuona kwa nini aanzie kwingine. Alikuwa amefunga umeme kwenye nyumba za watu kwa miaka ishirini na sita.

Namba ya kwanza haikuwa yake, lakini aliitambua. Ilikuwa ya mwanawe. Tisini na moja. Akageuka kumtafuta, akamwona amekaa kwenye ngazi za karakana, anasoma kipande cha gazeti kilichokuwa kimefungiwa misumari.

"Wewe wa kwanza!" akampigia kelele. "Umesikia? Wa kwanza!"

Kijana aliinua macho, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye gazeti lake. Mtaani walimwita Kalamu, kwa vile tangu akiwa darasa la tano ndiye aliyekuwa akiwaandikia watu barua za maombi ya kazi.

Fundi akaendelea kushuka na kidole. Kidole kikapita sabini, kikapita hamsini, kikavuka mstari mwekundu. Vijana wawili nyuma yake walikuwa wameshaiona, wakawa wanamsubiri tu afike. Namba yake ilikuwa ya mwisho. Ishirini na tatu.

"Mzee, labda wamezigeuza," mmoja akasema. "Ya mtoto ndiyo yako, na hii ndiyo ya mtoto."

Mwenzake akachekea puani. Fundi naye akacheka. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko alama zenyewe, kwamba alicheka.

Hakwenda chuoni kwa kupenda shule. Ofisi ya umeme ilikuwa imetoa amri kwamba fomu ya kuunganishiwa nyumba haipokelewi bila sahihi ya fundi mwenye leseni. Leseni hupati bila cheti, na cheti hupati bila kukaa darasani mwaka mzima. Fundi aliuza pikipiki yake, akajilipia yeye na kijana. Alidhani ni kazi ya kwenda kuandikisha tu kile anachokijua.

Alimfuata mwalimu wa nadharia ofisini. Mwalimu alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na kila aliposema neno "mzee" alilisema kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka barabara.

"Mwalimu, hizi ishirini na tatu sizibishii," Fundi akasema. "Ila nikifika kwenye vitendo nitafidia."

"Vitendo ni kwa waliopata hamsini ya nadharia, mzee. Chini ya hapo huingii karakana. Ni kwa ajili ya usalama."

"Usalama wa nani?"

"Wako."

Fundi akatazama juu, akafikiri, akasema, "Aliyefunga swichi ya chumba hiki amekata waya baridi badala ya waya moto. Ukizima, balbu bado ina umeme. Anayekuja kuibadilisha ataumia."

"Nani amekwambia?"

"Inapepesa ikiwa imezimwa. Itazame."

Mwalimu hakuitazama. "Hilo halimo kwenye mtihani," akasema. "Utarudia mara moja, baada ya miezi mitatu. Ukishindwa tena, basi."

*

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ilikaa mlangoni, na habari za mtaa zilimfikia kabla ya wenyewe. Hata hivyo aliuliza.

"Mwanangu, umepata ngapi?"

"Tisini na moja, mama."

Akapiga vigelegele vifupi, uzi ukiwa mdomoni. Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe, baba watoto?"

"Ishirini na tatu."

"Kati ya ngapi?"

"Kati ya mia."

"Ah." Akakanyaga cherehani, mshono ukaenda hadi mwisho wa kitambaa. "Nilidhani labda kati ya thelathini."

Hakuwa mwanamke mbaya. Alichoka tu. Tangu amri ile itoke, wateja wa mumewe walikuwa wanakuja mlangoni, wanauliza "Leseni ipo?", wanaondoka, na yeye ndiye aliyekaa mlangoni akiwaona mgongo. Jirani mmoja, ambaye nyumba yake yote ilifungwa waya na Fundi kwa mkopo, alikuwa ameanza kusema kwamba anaogopa kulala humo ndani.

Tangu siku hiyo Kalamu akapewa kazi ya kumfundisha baba yake kila asubuhi kabla ya kwenda chuo. Walikaa mezani, kijana na daftari, baba na penseli iliyochongwa kwa kisu cha waya.

"Ukinzani ni nini?"

"Ni waya kuchoka."

"Baba."

"Waya mwembamba, umeupa kazi ya waya mnene. Unachoka, unapata moto. Weka mkono juu ya ukuta utausikia."

"Sio hivyo. Andika: ni hali ya kitu kuzuia mkondo wa umeme kupita ndani yake, na hupimwa kwa..."

"Si ndiyo hiyohiyo niliyosema?"

"Ndiyo hiyohiyo. Lakini hupati alama."

Fundi akaandika. Herufi zake zilikuwa kubwa, zilitoka nje ya mistari. Akasimamisha penseli. "Wewe umeielewa?"

"Nimeikariri."

"Huipendi."

"Nilitaka kusoma sheria, Baba. Unajua." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja saizi ya kiatu. "Ila mtu akikulisha usichokipenda si lazima utapike. Mimi nameza tu. Haya, kanuni ya pili."

Baba alipokosea mara tatu mfululizo, kijana alifunga macho na kuvuta pumzi. Alipokosea mara ya nne, akasema, "Lakini Baba, hiki si kitu cha mtoto wa miaka kumi?" Mama akasikia kutoka mlangoni, na hakumkemea.

*

Mwalimu wa nadharia naye alikuwa mwanafunzi mahali pengine; alikuwa anatafuta shahada ya juu, na utafiti wake ulihusu uhusiano kati ya hamu ya mwanafunzi kwa fani yake na matokeo yake ya mtihani. Siku moja aligawa dodoso. Waweke alama ya vema kwenye viboksi: sivutiwi kabisa, navutiwa kidogo, navutiwa sana.

Fundi alijaza "navutiwa sana" kwenye maswali yote ishirini, akibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Swali la mwisho liliuliza kwa nini alichagua fani hii, likaacha mistari mitatu. Akanyoosha mkono kuomba karatasi nyingine. Aliandika juu ya nyumba ya kwanza aliyowahi kuiwasha peke yake. Ilikuwa ya ajuza mmoja mjane, na yule bibi aliwasha na kuzima, akawasha na kuzima, mpaka ikabidi amwombe aache, swichi ni mpya. Aliandika kwamba tangu siku hiyo akipita barabarani jioni hutazama madirisha ya watu, na yale aliyoyafunga yeye huyahesabu moyoni. Hakuwa amewahi kumwambia mtu hilo.

Kalamu alijaza "sivutiwi kabisa" kote. Kwenye mistari mitatu aliandika neno moja: Sikuchagua.

Baada ya wiki moja mwalimu aliwaita wote wawili. Alikuwa na karatasi yenye vidoti vingi vilivyopanda kutoka kushoto kwenda kulia kama siafu waliokamata njia. Kidoti kimoja kilikuwa peke yake juu kabisa, pembe ya kushoto. Kingine kilikuwa peke yake chini kabisa, pembe ya kulia.

"Mmeniharibia grafu," akasema, nusu kwa utani. "Wenzenu wote, anayependa anafaulu, asiyependa anafeli. Ndivyo vitabu vinavyosema. Sasa nyinyi baba na mwana!"

"Pole, mwalimu," Fundi akasema. Aliona kweli ameharibu kitu cha mtu. "Nijaze upya?"

"Hapana, usihangaike. Nimewaondoa. Nyinyi mkitoka, mstari unanyooka."

Kalamu alitabasamu. Fundi alikitazama kile kidoti cha chini pembeni kwa muda, akauliza kama ndicho yeye, akaambiwa ndicho.

*

Aliporudia mtihani alipata thelathini na moja. Mwalimu alirudisha karatasi mbele ya darasa zima, na ya Fundi aliishika mkononi.

"Nisikilizeni, hili ni somo kwenu wote. Swali: Taja hatua za kuchukua kabla ya kufungua boksi la fyuzi. Jibu." Akakohoa. "'Kwanza uulize nyumba ina watoto wangapi.'"

Darasa likalipuka.

"Naomba nieleze," Fundi akasema, akasimama.

"Elezea, mzee."

"Wewe umezima meinswichi, umeingiza mkono ndani. Mtoto anarudi kutoka kucheza, anaona runinga haiwaki. Anakwenda kuiwasha meinswichi. Mimi rafiki yangu alikufa hivyo. Kwa hiyo kwanza unauliza watoto wangapi, unawaweka mahali unapowaona."

"Vizuri sana. Hadithi nzuri. Lakini hatua ziko tano, na hiyo haimo." Mwalimu akamtupia macho Kalamu. "Mwambie baba yako hatua tano."

Kalamu alizitaja bila kufikiri, kwa mpangilio wake, na darasa likapiga makofi. Kisha mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya kizee, "Nyumba ina watoto wangapi?" na kicheko kikaanza upya. Kalamu alijizuia. Halafu mdomo ukamponyoka, akacheka na wenzake. Fundi alikaa chini taratibu, akalikunja lile jibu lake mara nne, akalitia mfukoni mwa shati.

*

Kalamu alipata cheti, na baada ya mwezi leseni. Kwa majuma machache mambo yalielekea kupata sura. Fundi alifanya kazi, Kalamu akatia sahihi. Baba alirudi na fomu, kijana akazisaini akiwa amelala chali kitandani, karatasi ikiwa juu ya kitabu cha sheria alichoazima. Hakuwahi kuuliza nyumba iko wapi.

"Angalau njoo uione," baba yake alisema mara moja.

"Wewe umeiona. Inatosha."

Kisha akatokea mkandarasi. Alikuwa anajenga jengo la ghorofa tatu nyuma ya soko, na alihitaji jina lenye leseni kwenye karatasi zake. Alikuwa ameuliza chuoni nani alikuwa wa kwanza. Akampa Kalamu meza, kiti cha kuzunguka na mshahara wa mwezi ambao mama yake, alipoambiwa, alimwomba aurudie. Sharti lilikuwa moja tu: sahihi yake isionekane kwenye fomu ya mtu mwingine yeyote.

"Na baba yako?" mama akauliza.

"Nimemwombea. Kuna nafasi ya kibarua. Kuvuta waya, kubeba ngazi."

Wote wawili wakamtazama Fundi. Alikuwa anasafisha plaizi zake kwa kitambaa chenye mafuta, moja baada ya nyingine, na zilikuwa tayari safi.

"Nitakuwa chini ya nani?" akauliza.

Kalamu akajikuna shingo. "Kwenye karatasi, chini yangu."

"Sawa," Fundi akasema. "Si ni umeme?"

Alikwenda Jumatatu. Msimamizi wa kazi, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, alimpa kofia ya plastiki na onyo: kibarua hafungui boksi la fyuzi, vibarua hubeba. Fundi akabeba. Alivuta waya ndani ya mabomba kutwa nzima, akiwasikiliza vijana wenye leseni za juzi wakibishana rangi za waya, na akajizuia kusema. Wakati wa mapumziko alikaa na mpiga lipu, mwanamume mwembamba aliyefanya kazi pekupeku, miguu yake imegeuka rangi ya saruji. Ndiye peke yake pale aliyemwita Fundi.

"Kwa nini hawakupi kazi ya maana?" mpiga lipu aliuliza.

"Sina karatasi."

"Mimi nimekusikia ukieleza umeme nikaona kama unasimulia mchumba. Mtu wa hivyo anahitaji karatasi ya nini?"

Fundi akacheka. Ilikuwa imepita muda.

Wiki ya tatu, akivuta waya ghorofa ya pili kando ya soketi ya mashine ya kuchanganya udongo wa lipu, iliyokuwa bado haijafunikwa, Fundi alimulika ukutani kwa tochi akaona kitu. Waya wa ethi, ule wa kijani ambao kazi yake ni kuuchukua umeme uliopotea njia na kuupeleka ardhini kabla haujampata mtu, ulikuwa umekatwa. Kipande kilichochomoza kilikuwa kirefu kama kidole. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Mtu alikuwa amebana matumizi.

Akashuka moja kwa moja hadi kibanda cha ofisi. Kalamu alikuwa kwenye kiti chake, fomu za ukaguzi mbele yake.

"Soketi ya ghorofa ya pili haina ethi."

Kijana akavuta mchoro, akaweka kidole. "Hii hapa. Ipo."

"Kwenye mchoro ipo. Ukutani haipo."

"Baba, nimeshasaini ghorofa yote ya pili jana."

"Ulipanda?"

Kalamu akaukunja mchoro.

"Twende mara moja tu. Dakika tano. Uione kwa macho yako, ufute hiyo sahihi, warudishe waya. Ile mashine ni bati tupu, na yule mpiga lipu anasimama kwenye maji pekupeku."

"Nikifuta, mkandarasi atauliza kwa nini nilisaini. Ataona mimi sijui kazi." Akashusha sauti, maana msimamizi alikuwa nje ya mlango. "Nitamwambia wiki ijayo, taratibu. Tafadhali. Usinitie aibu hapa."

Kijana huyu angeweza kukuandikia kanuni ya ethi, vipimo vyake na sababu zake, bila kuinua kalamu. Aliipata sahihi mara zote mbili alizoulizwa. Lakini kupanda ngazi kwenda kuutazama waya, hicho kilikuwa kitu ambacho moyo wake haukuwahi kuona haja yake.

Fundi alipanda peke yake. Alifungua boksi, akachomoa fyuzi ya ile soketi, akaifumbata mkononi. Mashine ikazimika. Haikupita robo saa filimbi ikalia.

"Nani amefungua boksi?" Msimamizi alipanda akitweta. "Wewe? Kibarua? Nilikwambia nini?"

"Soketi ile inaua."

"Una leseni?"

"Sina."

"Basi nyamaza. Nipe." Akaikunjua ngumi ya Fundi kama anavyonyang'anywa mtoto, akaichukua fyuzi, akairudisha mwenyewe. Vijana wote walikuwa wamesimama wanatazama. Mashine ikaanza kunguruma.

Fundi alimwendea mpiga lipu. "Usiiguse bila viatu. Tafuta viatu vya mpira, hata vya kuazima."

"Kesho," mpiga lipu akasema, akachota udongo. "Leo nimalizie hapa."

Baraza la ghorofa ya pili, ambako mashine ilikaa, lilikuwa bado halijawekwa ukingo. Saa tisa alasiri mpiga lipu aliweka mkono wa kushoto juu ya mashine ili asogeze ndoo kwa mkono wa kulia. Waliokuwa karibu walisema hakupiga kelele; alijikunja tu, kisha akarushwa nyuma, na nyuma hapakuwa na kitu. Aliangukia rundo la matofali. Hakufa. Daktari alisema kuanzia kiunoni kwenda chini hatasikia tena kitu.

*

Mkandarasi alikuja nyumbani mwenyewe, siku ya tatu, akiwa na suruali nyeupe. Alikataa kukaa. Alieleza mambo kwa utulivu, kama anayesoma orodha. Ofisi ya umeme itafanya kikao. Ikionekana ukaguzi ulisainiwa bila kukaguliwa, leseni ya kijana itafutwa na huenda akashtakiwa. Na kampuni italazimika kumhudumia mgonjwa maisha yake yote.

"Lakini iko njia nyingine," akasema. "Msimamizi na vibarua sita waliona mtu asiye na leseni akifungua boksi siku hiyohiyo na kuchezea ile soketi. Kampuni haiwajibiki kwa mtu aliyegusa bila ruhusa."

"Nilichomoa fyuzi ili isiue," Fundi akasema.

"Mimi sikuwepo, mzee. Nasema walichoona." Akaaga kwa heshima zote, akamwachia mama mfuko wa sukari.

Kalamu alikuwa ameegemea ukuta, uso umemshuka. Kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima alionekana mtoto. "Baba, mimi nitasema ukweli," akasema, lakini alisema akitazama miguu yake.

Mama alisimamisha cherehani. Alingoja mpaka kijana akatoka uani.

"Baba watoto. Wewe watakufanya nini?"

"Unasemaje?"

"Nauliza. Cheti huna. Leseni huna. Watakunyang'anya nini?" Sauti yake ilikuwa laini kabisa, na ulaini wake ndio uliokuwa mbaya. "Yeye wakimnyang'anya tumekwisha wote. Wewe huna cha kupoteza."

"Na yule aliyevunjika?"

Akachukua mkasi, akaanza kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye gauni la shule. "Mimi sikumzaa yule," akasema.

*

Kikao kilifanyika Alhamisi, chumba cha ghorofa ya chini chenye meza ndefu na feni iliyogonga. Afisa alikuwa na miwani na haraka. Msimamizi alisema aliyoyaona, na yote yalikuwa kweli. Kalamu aliulizwa kama alikagua, akajibu kwa sauti ndogo kwamba sahihi ni yake. Kisha akaitwa Fundi.

"Wewe ndiye uliyefungua boksi?"

"Ndiyo."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuwa na ruhusa."

Mpaka hapo haikumsumbua. Alikuwa amejiandaa kubeba kosa, na kosa ni mzigo kama mizigo mingine. Afisa akageuza ukurasa.

"Ulipoichezea ile soketi, ulijua waya wa ethi umekatika?"

 Fundi angejibu kwamba alijua, wangemuuliza alimwambia nani. Alimtazama mwanawe. Kalamu alikuwa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti, masikio yamemwiva.

"Mzee, swali ni rahisi. Ulijua au hukujua?"

"Sikujua," Fundi akasema.

"Unajua ethi ni nini?"

Feni ikagonga, ikagonga. Msimamizi alikuwa anamtazama kwa hamu.

"Kwa kweli sijui vizuri."

"Kwa hiyo wewe umeme huujui."

"Siujui."

Afisa akaandika. Aliandika polepole, neno kwa neno, huku akiyatamka. Alipomaliza, alimsogezea karatasi atie dole gumba. Fundi alisema anaweza kuandika jina lake. Afisa akasema dole gumba linatosha. Ndipo akavua miwani na kumwambia, si kwa ubaya, "Miaka yako yote hiyo, mzee, na una mtoto msomi nyumbani. Siku nyingine uwe unauliza wanaojua."

"Nitauliza," Fundi akasema.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, alikaa mke wa mpiga lipu. Hakuruhusiwa kuingia, lakini mlango ulikuwa wa mbao nyepesi na alikuwa amesikia kila kitu, pamoja na ile sehemu ya mwisho iliyosema kampuni haina la kulipa. Kalamu alipita mbele yake haraka, akatoka hadi barabarani. Fundi hakuweza kupita. Alisimama, kidole chake kina wino.

"Mume wangu amelala pale hawezi hata kujigeuza," mwanamke akasema. Hakupandisha sauti. "Jana ameniambia nije nikutafute wewe, utasema ukweli. Amesema pale kazini ni wewe peke yako uliyekuwa unaujua umeme."

Fundi alifungua mdomo. Mlango wa nyuma yake ulifunguka, mkandarasi akatoka na msimamizi, wakasimama karibu wakingoja.

"Mimi nilikuwa naupenda tu, mama," akasema. "Anayeujua ni mwanangu."